Namba Tatu

Eluned ana fomu kumi na nne, moja kwa kila wiki,
na kalamu za risasi alizochonga mwenyewe jikoni
kabla ya basi la saa moja.
Mvua inanyesha Tonypandy. Haina hasira,
inanyesha kama mtu aliyekwisha izoea kazi yake.

Chuo kimempa miaka mitatu na nusu
apime kitu kisichowahi kutiwa kwenye pishi:
ustawi wa vijana walio hatarini
wanaopewa mtu mzima wa kuwashika mkono.
Walio hatarini, ndivyo fomu isemavyo,
kana kwamba hatari ni mtaa
na wao wamepanga chumba humo.

"Nimekuwa na matumaini juu ya siku zijazo."
Moja ni kamwe. Tano ni kila wakati.
Macsen, miaka kumi na mitano, kofia imeshuka hadi nyusi,
anazungushia tatu.
"Nimejiona mtu wa maana." Tatu.
"Nimelala vizuri." Tatu.
Swali lenyewe halitazami.

Wiki ya kwanza tatu, ya tisa tatu.
Wiki mama yake aliporudishwa hospitali, tatu.
Wiki yeye na Gethin walipofufua baiskeli
iliyoopolewa mtoni, tope hadi mifupani,
akaipanda akipiga ukelele mteremko mzima
hata bibi mmoja akafungua dirisha kumlaani:
tatu.

Kwenye kompyuta mstari wake umelala
kama wa mgonjwa ambaye mashine imemkatia tamaa.
Profesa Hopkin anafuta miwani kwa ncha ya tai.
"Huyu mtoe. Habadiliki. Anatuharibia wastani."

Eluned hamtoi.

Gereji ya Gethin inanuka mpira na chai iliyopoa.
Miaka thelathini na mmoja alitengeneza mabasi,
na hajamuuliza mtoto yeyote anajisikiaje.
Husema, "Nipe spana kumi na tatu,"
na mtoto humpa, na katika kumpa
neno humponyoka, kama nati ambayo
hakuna aliyekuwa akiifungua.

"Mbona kila siku tatu?" anauliza Eluned,
si kwa sauti ya utafiti.

Macsen anazungusha gurudumu, anasikiliza spoki.
"Ukiandika moja, wanakuja wawili na gari la kijivu,
wanakalia kochi letu, wanachungulia friji.
Ukiandika tano, umepona.
Wanamchukua Gethin, wanampa mwingine."
Gurudumu linasimama.
"Dada yangu aliandika tano."

Gethin anapangusa mikono kwa kitambaa
kichafu kuliko mikono.

Basi la kurudi lina joto la makoti mabichi.
Eluned anafikiri: mtu hubishiwa hodi, huulizwa hali,
hujibu "salama" na maiti i chumbani;
si mwongo, anashikilia mlango tu
mpaka ajue mgeni ni nani.
Na mimi nimebisha kumi na tatu
nikiwa na rula mkononi.

Usiku huo sura ya nne haiandikiki.
Anafuta "kifaa kimethibitishwa". Anairudisha. Anaifuta tena.

Wiki ya kumi na nne fomu inalala juu ya benchi,
mnyororo mpya uko nusu ndani, nusu nje.
"Shika hapa," Macsen anamwambia,
na Eluned, aliyefundishwa asiguse kitu anachokipima,
anashika. Ekseli ni baridi. Wanavuta pamoja,
mnyororo unaingia kwa mlio mdogo wa meno,
na mtoto, kwa haraka ya kwenda kuijaribu nje,
anaegemea benchi.

Jibu la mwisho ni dole gumba la grisi
katikati ya tatu na nne,
limeegemea nne kidogo, au ni mimi ninayetaka,
anaandika pembeni, kisha analikata.

Jedwali linadai namba. Kisanduku ki wazi,
kishale kinapepesa.
Huko nje mtu anateremka mlima bila breki,
na breki, Gethin anapiga kelele,
breki bado hatujazifunga!