Mpangaji wa Sanduku la Tatu

Kipofu hakupanda mwenyewe hadi juu ya mti.
Aliletwa usiku, mzima, akijikunja na kujikunjua mdomoni mwa bundi,
mwembamba kama kamba ya kiatu,
hana sumu, hana kelele,
na mahali pa macho ana vidoa viwili tu,
wino uliofifia chini ya magamba.
Panya huvunjwa shingo kabla hajafika.
Huyu alikwaruzwa kidogo, kisha akaachwa aende zake.

Aende wapi? Chini. Maisha yake yote ni chini.
Akapenya takataka za kiota:
mkia wa panya, miguu ya panzi, kinyesi,
nyama iliyosahauliwa, na funza wakiichemsha.

Mwezi wa Mei Eulalia Treviño alipanda ngazi,
huko Teksasi, kwenye shamba kavu la mathenge na mawe ya chokaa,
kulifungua sanduku alilolipigilia marehemu Onofre
kwa misumari ya reli. Mkono wake haukujua kitu kidogo.

Mpwawe Evodio alishika ngazi kwa mkono mmoja,
wa pili umebeba chupa ya mafuta ya taa.
"Nyoka watawamaliza makinda," alisema.
"Na bundi mwenyewe ni mkosi.
Usiku ule wa Onofre alilia juu ya paa, au umesahau?"

Hakusahau.
Alimulika. Makinda wanne, manyoya kama vumbi la pamba,
wamefura kwa shibe, wakimgonganishia midomo.
Chini yao uzi ukapita, unang'aa, unakula.
Akanusa.
Masanduku mawili ya kule kisimani yalinuka hadi barabarani.
Hili lilinuka udongo.

"Nikupandishie?" Evodio akaitikisa chupa.
"Katilie kwenye taa yako."

Juni makinda wakaruka, mmoja mmoja,
wa mwisho akasitasita siku mbili.
Eulalia akalikwangua sanduku kwa kijiko cha supu,
akamkuta mpangaji aliyebaki, akamweka kiganjani.
Hakuuma. Alisukuma pua kati ya kidole na kidole,
akitafuta mlango,
kana kwamba mwanamke naye ni ardhi,
ana mashimo, ana mchwa, ana kazi isiyokwisha.

Alimshusha penye shina, karibu na siafu.
Hata kivuli chake hakikuwahi kugusa nyasi.

Usiku bundi akalia juu ya paa.
Eulalia akageuza mto upande wa baridi,
akalala.