Daftari la Saa

Ni kaunta buku, kwaya mbili,
panya ameonja jalada akaacha.
Mwaka wa kwanza niliandika majina arobaini na moja
nikaishiwa mistari; Gwakisa nikamwandika pembeni, amelala ubavu.

Tukuyu hadi Uyole, viazi vikishatoka shambani.
Baiskeli zilezile za kazini.
Usiku wa kuamkia siku yenyewe walifungua karia,
wakafungua madigadi, dainamo, hata kengele,
wakiimenya kama ndizi.
Jumatatu vyote vilirudi, na dumu la maziwa juu yake.

Zawadi ilikuwa bati sita.
Ambakisye alishinda themanini na tatu, akaezeka chumba.
Themanini na tano, akaezeka sebule.
Mwaka wa katikati alishika namba nne,
na jiko lake likavuja masika yote.

Mimi nilikuwa karani wa pareto,
mwenye saa yenye mshale wa sekunde.
Tulichora mstari kwa unga wa mahindi,
kuku wakaudonoa, tukachora tena,
hadi waonekane wakishuka Igawilo,
ukungu wa Isyonje ungali kwenye nyusi zao.

Halafu sijui.
Wapo wanaosema pikipiki.
Wapo wanaosema malori ya Kasumulu, hayapishi hata msiba.
Mimi ninachojua kimo humu:
ishirini na tisa,
ishirini na mbili,
na mwaka chama kilipoleta fomu,
helmeti lazima, jezi lazima, ada elfu kumi,
na vijana wawili wakashusha garini baiskeli nyepesi kama mwanzi,
kumi na mmoja.
Hakuna aliyefukuzwa.
Ila ukimwona mwenzio amebeba yake kwa kidole kimoja,
yako inakumbuka ghafla kuwa ni chuma.

Mwaka wa mwisho, watatu.
Lusajo alipata pancha Kiwira, akapanda lori la ndizi.
Mzee Mwambungu alifika jioni, anaisukuma, anacheka.
Wa tatu ni Ipyana, mwanangu,
asiyependa baiskeli hata kidogo.
Alikuja ili nisisimame pale peke yangu.
Nikaandika muda wake, nikapiga mstari chini.
Sababu sikuandika;
daftari hili halina safu ya sababu.

Leo asubuhi kijana amenipita mteremkoni,
lumbesa ya viazi nyuma, na kandambili
ameikandamiza kwenye tairi, ndiyo breki.
Mkono wangu ukageuka wenyewe.
Toka nguzo ya umeme hadi mashine ya kusaga:
sekunde thelathini na nane, na mzigo.
Nikapaza sauti, we, jina lako nani!
Upepo ukampa viazi jina langu la kuuliza, yeye hakupata.

Nimeandika thelathini na nane.
Pa jina nimepaacha.