Sifuri ya Mabatini

Umeme ulikatika saa mbili kasoro, Mabatini nzima,
kuanzia kwa muuza chipsi hadi nyumba za juu mawe,
na kisanduku changu kikanyamaza katikati ya mwangwi
kama mtu aliyesahau jina alilokuwa akiliita.

Kisanduku hiki kina ulafi wa aina yake.
Kinataka volti kumi na mbili chanya,
kinataka na kumi na mbili hasi,
na kati yake kinataka sifuri,
sifuri iliyotulia, si ya kubahatisha;
bila hiyo kinakoroma tu, kama mashine ya kusaga ya Igoma.

Nikaenda kwa Lushinge. Nipe betri ya pikipiki, nikasema,
nakurudishia kabla ya abiria wa Kamanga.
Akaifungua kwa spana namba kumi, hakuuliza kitu.
Nikashuka Kirumba kwa Bugingo.
Taa zake za dagaa zimelala wiki hii, mbalamwezi imemnyima kazi.
Akanikabidhi yake, ina magamba kwenye kona.
Akauliza, "Na hiyo nyingine umeitoa wapi?"
Nikasema, "Mjini."

Ni kaka zangu, tumbo moja.
Huu mwaka wa tatu hawasalimiani
kwa ajili ya hatua kumi na nne za kiwanja kule Nyegezi,
na jiwe la mpaka linalotembea usiku kama kobe.

Nikaziweka betri mezani, ubavu kwa ubavu.
Hasi ya Lushinge nikaifunga kwenye chanya ya Bugingo:
waya mmoja mfupi, mweusi, nimeumenya kwa meno.
Pale zilipogusana ndipo sifuri yangu.
Mafundi wa Makoroboi huiita ethi.
Mimi nikaiita ardhi, nikacheka peke yangu gizani.

(Bugingo ndiye hasi usiku huu. Si tusi.
Hasi ni upande mwingine wa kuhesabia.)

Nikapima. Kumi na mbili nukta sita juu,
kumi na mbili nukta nne chini. Inatosha.
Mstari mwekundu wa utepe nikauelekeza upande wa hasi,
nikakagua mara tatu, tochi mdomoni.
Mwaka jana niligeuza: moshi mdogo, mtamu,
na mshahara wa miezi miwili ukanuka karanga zilizoungua.

Halafu nyaya. Ya njano, ya kijani,
na ile ya bluu yenye ugonjwa wa shingo.
Watu hudhani kila waya hapa unabeba sauti.
Nyingine hazina sauti kabisa.
Ni kama macho ya mama, wageni wakiwa mezani:
hayatamki neno, nawe unairudisha nyama.

Sauti yenyewe ni ungo wake,
anapepeta mchele, niliunasa kwa simu.
Dirishani nikachomeka kijicho kinachogeuza mwanga kuwa volti.
Pikipiki inakata kona huko chini,
taa yake inapanda ukutani,
na mchele unamwagika mrefu, mrefu, hadi mwambani;
pikipiki inapita,
ungo unajikunja, unabaki punje tatu nne zinazogonga.

Nikacheza hivyo hadi saa nane.
Upande wa chini ukalegea kwanza,
kila wimbi likatoka limekatwa miguu,
nami sikuzima. Nilitaka kusikia unavyoishiwa.

Alfajiri Lushinge akaipakata betri yake kama mtoto mwenye homa.
"Imetosha?"
"Imetosha."
Akapiga kiki, ikakohoa, ikawaka.

Kirumba, Bugingo alikuwa anapiga mswaki nje.
Akaipokea, akaigeuza, akaona waya mweusi
bado unaning'inia kwenye chanya. Nilisahau kuufungua.
Akauzungusha kidoleni, povu mdomoni,
akatema, akanitazama.

"Mjini kwa nani?"