Mwezi wa Kuezua

Paa letu la Majengo lilianza kuvuja chumba cha mpangaji,
kisha ukumbini, kisha juu ya kitanda cha mama.
Akasema: sasa limenifikia mimi, sasa tuzungumze.

Tukazungumza mwaka mzima.

Januari, alisema fundi Chengo, ndiyo yenyewe:
kaskazi imekausha mbao, mbingu haina hila.
Lakini Januari ina karo, ina sare, ina viatu,
na bati la saa sita mchana, hebu lishike uone,
utaliachia ngozi ya kiganja kama muhuri.

Machi kila mtu hukumbuka kwamba ana paa.
Bei ya misumari hupanda ngazi kabla ya fundi.

Aprili hatukuitaja.
Aprili ndio mwezi alioezua baba, nikiwa darasa la pili,
kwa kuwa zamu yake ya mchezo iliangukia hapo
na pesa, alisema, hazilali.
Mvua ya mwaka ikaja usiku uleule, bila radi, bila hodi,
ikakuta mtambaapanya u uchi, pau zimekaa kama mbavu.
Asubuhi godoro la sufi lilikuwa zito kama ng'ombe aliyezama.
Mama akalianika siku kumi na moja
na hakumwambia baba neno.
Neno hilo alikuwa nalo bado, baba akiwa kaburini.

Julai je? Julai kusi ina mikono.
Bati la jirani liliwahi kung'oka usiku
likaenda kukata waya wa stima mtaa wa pili.

Na Ramadhani? akauliza mjomba Mbwarali,
utampandisha mtu juu ya paa na saumu yake?
Tukahesabu vidole. Ramadhani hutembea,
kila mwaka hurudi nyuma siku kumi na kitu.
Mvua haitembei.
Au tuseme haikuwa ikitembea,
siku hizi nayo imejifunza.

Basi ikawa Septemba, demani,
upepo umechoka kugombana na makuti ya watu.
Athmani akatuma nusu kutoka Doha,
nusu nyingine tukaiandikisha dukani Mwembe Tayari.
Mutuku wa chumba cha tatu, bawabu wa usiku,
akahamishia usingizi wake barazani
akalala na nyundo zikimpigia hesabu.

Bati la kwanza liliposhuka, jua likaingia ukumbini
kama mgeni asiyejua pa kuvulia viatu.
Likapanda ukutani, likafika kwenye boriti,
na hapo Chengo akaita: Mama, njoo usome.

Mwandiko wa baba, penseli ya seremala.
Misumari kilo nne. Deni la Omari. Tarehe,
nayo ni ya Aprili.
Chini yake, herufi ndogo zimebanana:
Mwanapili asijue bei.

Nilipige randa? aliuliza Chengo.
Mama alisimama na kanga mdomoni, muda mrefu.
Kisha akacheka, kicheko sikijui,
kicheko cha mtu aliyelipwa deni alilokwisha kulisahau.
Acha, alisema. Ezeka juu yake.

Mabati ya zamani aliyachukua Bi Riziki kwa banda la kuku.
Jua hupita kwenye matundu ya misumari
na majogoo hudonoa madoa ya mwanga, wakiyadhani mtama.

Vuli ilichelewa wiki tatu. Ilipokuja ilikuja usiku.
Nilimsikia mama akiamka, akipapasa uvunguni,
akitoka na karai lake mpaka pale pale, katikati ya ukumbi,
akasimama nalo.
Juu kelele, chini kukavu.

Nikamwita: Mama, lala.
Akafungua mlango wa uani
akaliweka karai chini ya mchirizi,
akarudi kuchukua ndoo, na sufuria ya pilau, na beseni la mtoto.
Nilale vipi, alisema,
na maji ya mfereji hayajaja tangu Jumatatu.