Klachi ya Mgeni

Injini ni ya Ford ya mwaka arobaini na nane,
silinda nane, nne kushoto, nne kulia,
kama wakwe waliotengewa meza arusini.
Gathogo amelikata gari paa, amelishusha pua,
ameipa injini kabureta tatu,
bodi akaipaka zambarau.
Halafu klachi ikamfia mlimani, Valley Road,
siku aliyompakia mama mkwe.

Watu wa Grogan wana dawa moja kwa kila ugonjwa:
"Tia injini ya Probox, dada, ukalale."
Nawasikia. Tochi nimeiuma kwa meno,
mgongo uko juu ya kadibodi,
gearboksi kifuani kama mtoto mzito aliyekataa usingizi,
na oili inanidondokea sikioni,
moja,
moja.

Pleti ya kale ilitoka nyembamba
kama chapati ya tarehe ishirini na tisa.
Ribiti zimeikwaruza flaiwili, duara ndani ya duara.
Nikanusa. Klachi iliyoungua ina harufu yake,
si mpira, si nywele:
ni harufu ya mtu aliyeng'ang'ania.

Ya kiwanda haipo tena duniani.
Iliyopo ni ya lori dogo, Dyna,
mpya, boksi halina jina la aliyeitengeneza.
Otiato wa dukani aliniapia kwa kaburi la babake.
Babake namjua. Anauza makaa Kariobangi.

Upana unakaa. Matundu sita, mawili yamegoma.
Na moyo wake, pale kati mhimili unapopita,
una meno ishirini na moja.
Mhimili wa Ford una kumi.
Haya, wafungishe hao ndoa.

Nikaibeba kwa Balwant, mkerezaji.
Hakuuliza gari gani. Hakuuliza nani analipa.
Alizitazama pleti mbili muda wa chai kupoa,
kisha akapiga tindo, ribiti ya kwanza, ya pili, ya nane,
akautoa moyo wa marehemu ukiwa mzima
akaupachika kwenye kifua cha mgeni.
Flaiwili akaifunga kwenye kerezo,
chuma kikamenyeka mikunjo mikunjo, kinang'aa,
yale maduara yote yakaisha.
Matundu mapya aliyapima kwa rula, kisha kwa jicho,
akaamini jicho.
"Ikizidi gramu chache upande mmoja," alisema,
"itakutikisa meno mpaka Naivasha."

Sina kile chuma cha kulengea kati.
Nilichonga mpini wa mwiko wa mamangu,
nikauzungushia utepe mweusi wa fundi stima
mpaka ukajaa tunduni bila kucheza.
Saa tisa nilikuwa nimekaza bolti ya mwisho.
Saa tisa na robo nikakumbuka
sikutazama pleti imeelekea wapi.

Imeelekea nyuma.
Springi zake zinakumbatia flaiwili.

Mutinda, kijana wangu, alianza kupanga spana
ambazo zilikuwa zimepangwa.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
aliyesema hivyo hakushusha gearboksi mara mbili kwa siku moja.

Taa za barabarani zilipowaka tulikuwa tumemaliza.
Gathogo akapanda na viatu vyake vya kanisani,
akakanyaga pedali kana kwamba anaua nyoka.
"Sasa achia," nikamwambia.
Akaachia ghafla, gari likaruka, likazima.
Kushika anajua. Kila mtu anajua kushika.
"Achia kama unamlaza mtu."

Mara ya tatu
nilisikia kwanza, kabla sijaona,
injini ikishusha sauti nusu kipimo,
ikipokea uzito.
Kisha zambarau yote ile ikasogea, bila mtikisiko,
ikapita juu ya kadibodi yangu
pale oili ilipochora mabega yangu,
ikaingia barabarani bila taa ya kushoto.

Taa hiyo ni kazi ya Jumatatu.

Nyumbani mamangu anafungua kabati la pili.
"Kemunto, mwiko uko wapi?"
Maji ya ugali yanachemka.
Nanawa mikono, polepole,
hadi kwenye viwiko.