Mizani

Shairi hili halina mizani, mnisamehe.
Mizani yangu ni ya chuma, inaning'inia kwenye boriti
ya ghala la chama cha msingi, Kitama, Tandahimba,
na misimu tisa nimeisoma mimi, Somoe binti Mkwachu,
karani, kalamu nyuma ya sikio,
sikio ambalo, kumbe, lilikuwa kishikizo cha kalamu tu.

Siku ile foleni ilifika hadi kwa mama wa mihogo ya kuchoma.
Mnada kesho yake. Vumbi, jasho, harufu ya mabibo yaliyochacha,
na Bakiri Nnunduma akafika mbele na baiskeli yake,
gunia moja, na juu ya gunia kifurushi
kilichofungwa kwa kipande cha kanga.

"Hizi," akasema, "ziandike peke yake."
"Korosho ni korosho, baba. Sogeza."
"Ni za Lukia, hizi. Nilitaka..."
Nyuma mtu akasonya. Mwingine akasema leo tutalala hapa.
Nikafungua kifurushi, nikamimina kwenye gunia.
Kilo arobaini na saba. Nikaandika. Nikachana.
"Anayefuata!"

Hakugomba. Aliutazama mdomo wa gunia
kama mtu aliyeangusha kitu kisimani,
akakunja ile kanga mara mbili, mara nne,
akaondoka. Stakabadhi ikabaki mezani.

Jioni nikampelekea. Nilidhani napeleka karatasi.
Nilimkuta anapepeta choroko mwenyewe, vibaya,
makapi yanamrudia usoni.
Akanisogezea mbuzi ya nazi nikalie.
"Una haraka?" Nikasema ndiyo.
Akanyamaza, akaendelea kupepeta.
Nikasema hapana.

Ndipo akaeleza, akirukaruka, akianzia katikati:
kuna mkorosho mmoja nyuma ya kaburi la mama mkwe,
Lukia aliupanda akiwa na tumbo la mwanetu Shazili.
Miaka kumi na miwili anasema, ule ni wangu,
nami namjibu, mke na mume mali yao moja.
Hakuwa anataka mali.
Alitaka nitamke: ndiyo, ni wako.
Mwezi wa Ramadhani akarudi kwao, Kitangari.
Nyumba iliponyamaza ndipo nikaanza kumsikia.
Nikaokota za mti wake mbali. Kilo sita.
Nilitaka karatasi yenye jina lake nimpelekee,
ajue yamefika.

Nikaanza: lakini utaratibu, lakini daftari,
lakini magunia yameshashonwa...
"Binti Mkwachu," akasema, bila ukali,
"ule mshale wa mizani yako, gunia likining'inizwa, si hutikisika?"
"Hutikisika."
"Na wewe hufanyaje?"
"Naungoja utulie."
Hakuongeza neno. Akanipa ungo nimsaidie.

Usiku niliwahesabu niliowasoma wakiwa bado wanatikisika:
mdogo wangu Tabia, aliyesema ameacha shule "basi tu";
mume wangu, anayeanza kila jambo kwa kikohozi
nami nikamalizia sentensi;
yule mama wa Mahuta aliyesema "za mwisho hizi,"
nikamjibu, msimu bado mrefu.

Asubuhi nikafuta arobaini na saba.
Nikaandika arobaini na moja, Bakiri Nnunduma,
na chini yake, kalamu nimeikandamiza:
Lukia Chitanda, sita.
Mwenyekiti akauliza kulikoni.
Nilipoanza kueleza, Mungu ambariki, alivuta kiti kwanza.

Kama alirudi kwa Bakiri, sijui.
Msimu uliofuata mwanamke mwembamba
alitundika kifurushi kwenye ndoano,
kanga ile ile.
"Jina?"
"Unalijua."
Alikuwa na jambo jingine mdomoni, niliona.
Foleni ikasonya.
Nikaitoa kalamu sikioni.