Maiti wa Kibaigwa

Mimi ndiye yule maiti, dakika ya arobaini na mbili,
mlinzi wa ghala la mahindi, kandambili moja mguuni.
Nililipwa elfu kumi na tano na soda ya chungwa.
Koti ni la marehemu mjomba;
mama alilitoa sandukuni mwenyewe, akalikung'uta.
Chilongani, mwenye kamera, akaniambia: "Kufa kidogo,
watu wacheke kwanza, huzuni itafuata."

Kufa kidogo ndiyo kufaje?

Wezi wenyewe ni majuha wawili.
Wanaiba lori la gunia mia, kumbe ndani ni pumba.
Lechipya amevaa suruali ya shemeji yake, inamvuka
kila anapokimbia.
Kisha wananikuta mlangoni na tochi yangu,
nyundo inapanda, inashuka,
na kinanda kile kile cha kuchekesha hakikuzimwa.

Tulirudia mara tisa. Mara ya tatu nilipiga chafya.
Ya sita, kuku alinipanda kifuani, akatulia,
Chilongani akasema kuku abaki.
Ya tisa, upepo ukanijaza vumbi machoni,
nikatokwa na chozi nikiwa maiti.
Nalo wakaliacha.

Leo inaonyeshwa bandani kwa Mwaluko, nyuma ya mnada,
mia tano kichwa, watoto kwenye matundu ya bati.
Suruali: kicheko. Pumba: kicheko.
Nyundo: kicheko kikaanza, kikakwama kooni
kama tonge lililokosa mlenda.
Kuku akapanda. Wachache wakacheka tena, kwa haya,
wakitazamana kama wanaoombana ruhusa.

Fundi baiskeli akapaza sauti kutoka nyuma:
"Hiki ni kichekesho au msiba? Nirudishieni jero yangu!"
Hapo ndipo banda likapasuka kweli.
Chilongani, karibu na jenereta, akajifanya hakusikia.

Mama hakucheka, hakulia.
Aliniona kule, chali, damu yangu ya sharubati ya rozela
ikiloanisha koti la kaka yake;
na hapa, ubavuni pake, nikitafuna karanga.
Mkono wake ukaja gizani,
ukanishika kiganjani, ukapanda hadi penye mshipa,
ukaanza kuhesabu.

Kwenye shuka jeupe wezi walikuwa wanakimbia tena,
suruali imeshuka, watu wamesahau,
naye bado anahesabu.